Treni ya Mwezi wa Sita

Ijumaa ya tarehe 30 Juni 2006, miradi kumi ya programu ilitoka siku moja. Haikuwa mali ya kampuni moja. Watu walioiandika hawakuwa na bosi mmoja, wengi wao hawakuwahi kuonana ana kwa ana, na baadhi ya waajiri wao walikuwa wakigombania wateja walewale sokoni. Ukijumlisha yote unapata mistari ya msimbo ipatayo milioni saba. Siku hiyo waliipa jina la Callisto, mmoja wa miezi ya sayari ya Jupita, ile ambayo wazee wetu wa falaki waliiita Mshtarii.

Najua wengi mnaosoma hapa hamjawahi kuandika hata mstari mmoja wa Java. Msiondoke. Habari ninayotaka kusimulia ni ya aina fulani ya maandishi ambayo sisi wapenzi wa vitabu hatuyagusi kamwe: mpango wa kazi. Yaani ile karatasi inayosema tutafanya hiki, tutakimaliza tarehe fulani, na kile kingine hatutakifanya. Kwenye ofisi nyingi karatasi hiyo huandikwa ili isisomwe. Lakini kuna mahali pamoja ambapo kwa miaka kadhaa ilisomwa na maelfu ya watu kama barua kutoka kwa ndugu aliye mbali, na hapo ndipo nataka tupite.

Mahali penyewe panaitwa Eclipse. Kwa lugha yetu ni kupatwa kwa jua. Ni jukwaa la kuandikia programu, karakana ya seremala ikiwa hukumbuki chochote kingine: humo mna msumeno, randa, futi na gundi, vyote vikiwa mezani pamoja, na ukitaka kifaa kipya unakichomeka tu pembeni. Lilianzia ndani ya IBM, hasa kwa watu wa Object Technology International, kampuni ya mjini Ottawa, Kanada, ambayo IBM iliinunua mwaka 1996. Novemba 2001 IBM ililitoa bure kwa umma, msimbo na kila kitu, ikasema thamani yake ni dola milioni 40. Zikakusanyika kampuni tisa kulilea: IBM yenyewe, Borland, Rational, Red Hat, SuSE, QNX, TogetherSoft, MERANT na Webgain. Tazama hiyo orodha vizuri. Red Hat na SuSE zote ziliuza Linux. Borland na Webgain zote ziliuza vifaa vya kuandikia Java, yaani bidhaa ileile ambayo sasa ilikuwa inagawiwa bure.

Na jina je? Java ilikuwa mali ya kampuni ya Marekani iitwayo Sun, yaani Jua. Halafu IBM inakuja na kifaa cha Java inakiita Kupatwa kwa Jua. Waliokibatiza walisema siku zote kwamba waliyemlenga alikuwa Microsoft. Haya. Mswahili aliyezoea khanga yenye ujumbe hawezi kudanganywa kirahisi hivyo, na Sun nao hawakudanganyika: Desemba 2003, baada ya mazungumzo marefu ya kujiunga, walitangaza kwamba hawaingii. Walikuwa na jukwaa lao, NetBeans, wakabaki nalo.

Sasa hapa ndipo tatizo la mpango linapoingia. Kazi ya hiari, au inayolipwa na waajiri mbalimbali, haina mtu wa kupiga meza. Huwezi kumfukuza mtu ambaye hukumwajiri wewe. Huwezi kumwambia mhandisi wa kampuni nyingine abaki ofisini hadi saa nne usiku. Kwa hiyo miradi mingi huria ya wakati ule ilikuwa na jibu moja kwa swali la lini: itatoka ikiwa tayari. Jibu hilo ni la kweli na halina faida. Kampuni inayotaka kujenga bidhaa yake juu ya kazi yako haiwezi kwenda kwa wateja wake na neno «ikiwa tayari».

Watu wa Eclipse walichagua njia nyingine, na nadhani hapa ndipo walipowashinda wenzao. Walikubaliana kwamba tarehe haisogei, kinachosogea ni mzigo. Toleo la 2.0 lilitoka Juni 2002. La 2.1 lilitoka Machi 2003. Kuanzia la 3.0, Juni 2004, mwezi wa sita ukawa mwezi wa mavuno, kila mwaka. Katikati ya mwaka waliweka vituo, kimoja kila baada ya wiki sita hivi, wakavipa herufi M na namba: M1, M2, M3. Kila kituo kilikuwa toleo dogo linalofanya kazi kweli, ambalo mtu yeyote duniani angeweza kulishusha na kulijaribu. Na wao wenyewe walilitumia: programu ya kuandikia programu, inayoandikwa kwa kutumia yenyewe. Ukiiharibu Jumatatu, Jumanne wewe ndiye wa kwanza kuumia.

Mmoja wa waliousimamia utaratibu huo ni Erich Gamma, Mswisi wa Zurich. Wanafunzi wa kompyuta wanamjua kwa kitabu cha mwaka 1994 kuhusu ruwaza za usanifu wa programu, alichoandika na wenzake watatu. Mwaka 2005 yeye na John Wiegand walizunguka kwenye makongamano wakieleza namna wanavyofanya kazi. Ukiondoa maneno ya kitaalamu, walichokuwa wakisema ni kitu ambacho mhariri yeyote wa gazeti anakijua: ukingojea siku ya mwisho ndipo ukusanye kurasa, gazeti halitoki.

Mpango wenyewe ulikuwa waraka mrefu mmoja, wazi kwa kila mtu. Ulianza kwa kukiri kwamba ni rasimu na utabadilika. Kisha ukataja tarehe za vituo, mashine na mifumo ambayo toleo lingeendeshwa humo, na ahadi ya kutoharibu kazi za waliojenga juu ya toleo lililopita. Baada ya hapo yalikuja majukumu, nayo yamepangwa makundi matatu. Kundi la kwanza ni yaliyokubaliwa: haya tutayafanya. La pili ni yanayopendekezwa: haya tunayatafakari. La tatu ni yaliyoahirishwa: haya ni mazuri, tumeyasikia, ila safari hii hayamo.

Mimi kama msomaji naona hilo kundi la tatu ndilo lenye fasihi. Mtu yeyote anaweza kuandika atakachofanya. Wanasiasa wetu wanafanya hivyo kila baada ya miaka mitano. Kuandika hadharani, kwa majina, mambo ambayo hutafanya, na kuyaacha pale ili aliyeyaomba ayaone, kunahitaji moyo. Kila jukumu lililoahirishwa lilikuwa na mtu nyuma yake aliyelililia. Sasa anajua. Hatakaa miezi kumi akingoja kitu kisichokuja. Anaweza kulifanya mwenyewe, maana msimbo uko wazi, au akatafute kwingine.

Toleo lilipokaribia, mlango ulizidi kufungwa. Mwanzoni mwa mwaka mwandishi aliweza kubadili msimbo anavyopenda. Wiki za mwisho hata kurekebisha kosa dogo kulihitaji kibali: kwanza sahihi ya mwenzako mmoja, baadaye za watu zaidi, na mwisho kabisa kiongozi wa kamati. Wanajaribu, wanarekebisha, wanajaribu tena. Toleo likishatoka wanapumzika na kukaa kitako kuulizana nini kilikwenda kombo, na hata huko kupumzika kulikuwa na nafasi yake kwenye utaratibu. Sijui ni vyumba vingapi vya habari nilivyofanyia kazi ambavyo vingefaidika na kupumzika kulikoandikwa kwenye ratiba.

Februari 2004 Eclipse ilitoka mikononi mwa IBM ikawa taasisi inayojitegemea, Mike Milinkovich akiwa mkurugenzi wake mtendaji kuanzia mwaka huo. Katiba yake iliunda mabaraza matatu: la mahitaji, la usanifu, na la mipango. Taasisi ikapewa wajibu wa kuchapisha ramani ya safari, yaani mambo gani yanapewa kipaumbele na matoleo yatakujaje. Kufikia hapo jukwaa halikuwa peke yake tena. Lilizungukwa na miradi mingine iliyolitegemea: ya lugha za C na C++, ya kuchora vielelezo, ya tovuti, ya ripoti. Kila mmoja ulikuwa na kalenda yake, na hapo ndipo palipokuwa na kero. Kampuni iliyotaka miradi minne kwa pamoja ilibidi ingoje wa mwisho, halafu igundue kwamba wa mwisho umejengwa juu ya toleo la zamani la wa kwanza.

Dawa yake ikawa treni. Treni ina saa ya kuondoka. Ukiwa stesheni umepanda. Usipokuwepo, utapanda ya mwakani. (Sisi tuliozoea kuuliza treni imefikia wapi badala ya inafika saa ngapi, tuvumilie kidogo.) Kupanda kulikuwa hiari, lakini aliyepanda alifuata masharti. Mabehewa yalipangwa kwa namba za kujumlisha. Jukwaa lenyewe lilikuwa sifuri: lilikabidhi kazi yake siku ya kwanza ya kila kituo. Waliolitegemea moja kwa moja walikuwa wa moja, wanakabidhi baadaye kidogo. Waliowategemea hao wakawa wa mbili. Na wafungashaji wa vifurushi vya mwisho wakawa wa tatu. Anayejua jiko la shughuli anaelewa: anayemenya vitunguu hawezi kumaliza baada ya anayepakua pilau.

Callisto ilikuwa treni ya kwanza, mabehewa kumi. Mwaka 2007 ikaja Europa yenye miradi 21. Mwaka 2008 ni Ganymede. Yote matatu ni majina ya miezi ya Jupita, na hapa Kiswahili kinajichekea chenyewe, kwa kuwa kwetu mwezi wa angani na mwezi wa kalenda ni neno moja. Mwaka 2009 wakampa heshima mzee aliyeiona miezi hiyo kwa darubini yake, Galileo. Na mwaka 2010, Januari, Oracle ilikamilisha kuinunua Sun; Juni mwaka uleule treni ya Eclipse ikatoka ikiitwa Helios, mungu wa jua wa Wayunani. Sidai kwamba kuna aliyekusudia. Ila khanga ni khanga.

Indigo, mwaka 2011, ilikuwa na miradi 62 na mistari milioni 46. Juno ya 2012 ikawa na miradi 72 na mistari milioni 55. Na tarehe? Kuanzia 2008 hadi 2018, mara kumi na moja mfululizo, treni iliondoka Jumatano ya nne ya mwezi wa Juni. Haikuwahi kukosa hata moja.

Huku kwetu Jumatano hizo zilikuwa na maana yake, ingawa wengi hawakujua zinatoka wapi. Galileo ilitoka tarehe 24 Juni 2009. Waya wa SEACOM, uliopita chini ya bahari hadi Mombasa na Dar es Salaam, uliwashwa Julai 23, mwezi mmoja baadaye. Kabla ya hapo intaneti yetu kubwa ilikuwa ya setilaiti, ghali na ya kusuasua, na kifurushi kikubwa cha Eclipse kilikaribia megabaiti 200. Hukukishusha; ulikipata. Alikuwepo mtu mmoja darasani mwenye fleshi, naye alikipata kwa mwingine aliyekipata kwa binamu yake anayefanya kazi benki. Matoleo yalizunguka vyuoni kama kanda za muziki zilivyozunguka enzi za kaka zetu. Kwa hiyo ungeweza kumkuta mwanafunzi wa 2010 anatumia Europa ya 2007 na anaridhika kabisa. Ahadi ile ya kutoharibu kazi za watu wa toleo lililopita ilimhusu yeye zaidi ya kampuni yoyote kubwa. Halafu ikaja Android, na kwa miaka ya mwanzo njia rasmi ya Google ya kuandika programu za simu ilikuwa plagini ya Eclipse. Wengi waliojifunza kutengeneza programu za simu Nairobi, Kampala na Dar miaka ile walipitia mlango huo.

Laiti habari ingeishia hapo, ningekuwa nimeandika sifa tupu. Ila treni inayofika kwa wakati inaweza kuficha kwamba injini inakohoa.

Mwaka 2008 watu wa Eclipse walianza kuandika upya moyo wa jukwaa, mradi walioupa jina e4. Wa zamani ulikuwa umezeeka, na kuugusa kulizidi kuwa kugumu. Kwa miaka kadhaa wakaendesha mistari miwili sambamba: 3 kwa watu wa kawaida, 4 kwa wenye haraka. Mpango ukasema Juno, Juni 2012, ndiyo siku ya kuhama, 4.2 iwe toleo kuu. Ili plagini za zamani zisife, wakaweka tabaka la katikati la kutafsiri kati ya uzamani na upya. Ahadi ikatunzwa. Tarehe ikatunzwa pia, Jumatano ya tarehe 27.

Na likawa zito. Watumiaji waliona kwa macho yao: unafungua faili, unangoja, unahama ukurasa, unangoja. Malalamiko yakamiminika. Lililouma ni kwamba vipimo vya kasi, ambavyo vingewaonyesha tatizo mapema, havikuwa vikiendeshwa ipasavyo, kwa upungufu wa watu wa kuvisimamia. Viraka vilitoka baadaye, na toleo la marekebisho la Februari 2013 likapunguza maumivu. Lakini sifa ni kama glasi ya chai ya mgahawani, ikishapata ufa kila mteja anaiona.

Nimeisoma habari ya Juno mara nyingi, na sikubaliani na wanaosema tatizo lilikuwa kung'ang'ania tarehe. Tarehe ilifanya kazi yake ileile ya siku zote. Kanuni ilikuwa kwamba mzigo ndio unaosogea, na safari hii mzigo mkubwa kuliko yote haukusogezwa. Kwa nini? Nadhani kwa sababu kuendelea kuendesha mistari miwili kulihitaji mikono ambayo haikuwepo. IBM, iliyokuwa ikilipa mishahara ya wengi waliobeba jukwaa, haikuwa na hamu ileile ya mwaka 2001. Mabehewa yaliongezeka, 10, 21, 62, 72, wakati wasukuma injini hawakuongezeka. Hicho ndicho kitu ambacho mpango mzuri kuliko yote hauwezi kukiandika kwenye kundi lolote kati ya yale matatu. Unaweza kuahirisha jukumu. Huwezi kuahirisha ukosefu wa watu.

Mei 2013 Google ilitangaza Android Studio, iliyojengwa juu ya jukwaa la mshindani, IntelliJ. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2014, na kufikia mwisho wa 2015 Google ilikuwa imeacha kuihudumia plagini ya Eclipse. Wale vijana wa fleshi wakahama, safari hii kwa bando.

Kalenda ya mara moja kwa mwaka nayo ilianza kubana. Java 9 ilitoka Septemba 2017, miezi mitatu baada ya treni ya Oxygen kuondoka. Mwenye Java mpya angengoja hadi Juni? Ikabidi Oktoba itolewe treni ya dharura, wakaiita Oxygen.1a, hiyo «a» ndogo mwishoni ni aibu ya ratiba nzima. Na Java yenyewe ikatangaza kwamba sasa itatoka kila miezi sita. Photon, Juni 2018, ikawa jina la mwisho. Kuanzia hapo treni inaondoka kila baada ya wiki 13, Machi, Juni, Septemba na Desemba, na haina jina tena, ina mwaka na mwezi tu: 2018-09, 2018-12. Kiutendaji ni bora mara dufu. Ila kwa mpenzi wa maneno, kutoka Ganymede hadi 2018-09 ni kama mtoto aliyebatizwa kwa namba ya kitambulisho.

Mwaka 2021 waliobaki, kampuni na watu, waliunda kikundi kazi cha kuchangia gharama za kuliendeleza jukwaa, jambo ambalo kwa maoni yangu lilichelewa takribani miaka kumi.

Na Gamma? Alihamia Microsoft mwaka 2011, kulekule Zurich. Aprili 2015 Microsoft ilitangaza Visual Studio Code, yeye akiwa kiongozi wa timu. Kwa miaka mingi ilitoka kila mwezi. Mpango wa kila mwezi uliwekwa wazi, majukumu yakiwa yameorodheshwa, yaliyofanyika yamewekewa alama na yaliyosogezwa yakionekana. Ukiwahi kuusoma mpango wa Eclipse 3.0 unautambua mwandiko.

Leo kijana wa Mbeya anayeandika Java ndani ya kifaa hicho cha Microsoft huweka plagini ya Red Hat. Akikosea, mstari mwekundu unatokea chini ya neno. Anayeuchora mstari huo, humo ndani, ni injini ya Java ya Eclipse, ambayo yenyewe bado inapanda treni ya robo mwaka kama abiria wengine.